Ngege Mezani: Mlo wa Bei Nafuu Mjini Suneka

Wahenga walinena kwamba shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Methali hii imefundishwa, imefafanuliwa na kutahiniwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mwanafunzi akiuliza shibe hiyo hupatikana wapi, kwa kima gani cha fedha, na anayeshiba huketi na nani. Mlo unaoliwa nyumbani huonyesha hali ya familia. Mlo unaoliwa kwa malipo katika meza ya watu wote huonyesha hali ya jamii. Makala haya yanaiangazia meza moja ya namna hiyo, meza ya samaki katika mji mdogo wa Suneka, magharibi mwa Kenya.

Kabla ya kuketi, inafaa neno lenyewe lidurusiwe. Nchini Kenya, neno hoteli lina maana mbili zinazoishi pamoja bila ugomvi. Hoteli ni jumba la ghorofa ambamo wageni hulala juu ya mashuka meupe. Hoteli pia ni kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili, jiko la kuni na birika la maji ya kunawa. Mwalimu wa sarufi huenda akampendekezea mwanafunzi wake atumie mkahawa au mgahawa kwa maana hii ya pili. Lakini dereva wa matatu anayesema, "Wacha nipitie hoteli nitie kitu tumboni," hana haja ya pendekezo hilo. Anaeleweka kuanzia Busia hadi Lamu.

Suneka imo katika eneo bunge la Bonchari, Kaunti ya Kisii, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini Kisii kwa anayeelekea Rongo na Migori. Barabara ipitayo hapo huendelea hadi Isebania, na ng'ambo ya mpaka ni Sirari, nchini Tanzania. Kiwanja kidogo cha ndege kinachouhudumia mji wa Kisii kiko Suneka. Si mbali na hapo ni Tabaka, kitovu cha uchongaji wa mawe ya sabuni yaliyoisambaza sifa ya Kisii ulimwenguni. Ni mji wa wapitanjia: malori ya miwa, matatu za Migori, pikipiki za bodaboda, walimu, wachongaji na wakulima wenye mikungu ya ndizi. Mji wa wapitanjia hauwezi kukosa hoteli.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Suneka haina ziwa. Milima ya Gusii ni nchi ya wimbi, ndizi, chai na mboga za kienyeji kama chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani, na rinagu, yaani mnavu. Kitoweo cha ziwani huja kutoka kwa majirani. Samaki huvuliwa katika Ziwa Viktoria, hununuliwa katika fuo za Homa Bay na kwingineko, hupitia Rongo na hatimaye hupanda hadi Suneka akiwa ndani ya karai, kikapu au sanduku lenye barafu. Mchuuzi aliyemleta aghalabu ni Mjaluo. Mpishi anayemsubiri aghalabu ni Mkisii. Na Kiswahili ndicho kinachokadiria bei baina yao. Wanaoshughulikia isimujamii wanaweza kusafiri mbali wakiutafuta mfano wa lugha ya mawasiliano mapana, ilhali mfano huo unatoa harufu ya samaki kando ya barabara.

Utaratibu wa hoteli hizi haubadiliki sana. Mteja hunawa, kisha huongozwa hadi kwenye sinia au kabati la kioo ambamo samaki wamepangwa kwa ukubwa. Kila samaki amepasuliwa mipasuo miwili mitatu ubavuni ili chumvi na mafuta vipenye. Bei haiandikwi, macho ya mteja na kidole cha mpishi ndiyo mizani. Akishachaguliwa, samaki hurudi jikoni. Mteja ataulizwa kama anamtaka mkavu au wa mchuzi. Akiwa mkavu, atapashwa moto katika karai la mafuta hadi ngozi ivunjike kama karatasi. Akiwa wa mchuzi, atatoswa katika nyanya, vitunguu na majani ya dania. Kando yake patakuja ugali, ama wa mahindi ama obokima wa wimbi, pamoja na mboga chungu kidogo. Kijiko hakiletwi ila kwa aliyekiomba.

Majina ya samaki hao yana elimu yake. Anayeitwa ngege Suneka huitwa sato au perege nchini Tanzania. Omena wa Kenya ni dagaa wa Mwanza na mukene wa Kampala. Mbuta wa Kisumu ni sangara wa Musoma. Hawa ni samaki wa ziwa moja, lakini majina yao hubadilika kila boti inapotia nanga. Hata jina ngege lina msiba wake. Hapo awali lilikuwa la samaki wa asili wa Ziwa Viktoria, aliyekuwa tegemeo la wavuvi mwanzoni mwa karne ya 20. Samaki huyo alidhoofishwa na uvuvi wa kupita kiasi, kisha kutoka miaka ya 1950 ziwa likapokea wageni: sangara na aina nyingine ya perege, yaani perege wa Nile. Ngege wa asili alikaribia kutoweka ziwani. Masalio yake yamehifadhika katika vijiziwa kama Kanyaboli, Kaunti ya Siaya. Jina likabaki na kurithiwa na mgeni. Leo mteja wa Suneka anapoagiza ngege, anakula perege wa Nile chini ya jina la marehemu.

Sangara naye ana kisa chake. Alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, viwanda vilijengwa katika miji ya ziwani ili kumkata minofu na kuisafirisha ng'ambo. Minofu ikaenda Ulaya na kwingineko. Kilichobaki kwa wenyeji ni kichwa, uti wa mgongo na mkia vyenye vijinyama vya kunyofoa. Wakenya, kwa ucheshi ulio karibu na kilio, waliyaita mabaki hayo mgongo wazi, mithili ya vazi lililokatwa mgongoni. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Viktoria mara kadhaa kwa hofu za kiafya, na uchumi wa fuo ukayumba. Hapo ikabainika kuwa bei ya samaki katika karai la mama wa kibandani huweza kuamuliwa na watu ambao hawatawahi kukanyaga ufukweni.

Katika muongo wa 2010, perege waliogandishwa kutoka Uchina walianza kuonekana kwa wingi masokoni. Mnamo 2018 mjadala mkali ulizuka nchini: wavuvi walilalamika kwamba riziki yao inakatwa, nao wachuuzi wengi walijibu kwamba bila samaki hao wateja maskini wasingepata kitoweo. Kila upande ulikuwa na haki yake. Kabla ya hapo, mwaka 2009, serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki mashambani, vikiwemo vya nchi ya Gusii, na kituo cha Kegati karibu na mji wa Kisii kikawa mahali pa utafiti wa ufugaji huo. Baadhi ya vidimbwi vilistawi. Vingine viliota nyasi mara tu ruzuku ya chakula na vifaranga ilipokwisha.

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo haya ya bei na mabwawa hayahusiani na sanaa ya kula. Japani inatoa fundisho. Sushi, ambayo katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki huliwa hasa na wenye mifuko iliyotuna, haikuanza kama chakula cha matajiri. Asili yake ni njia ya kuhifadhi samaki: walitiwa chumvi na kufunikwa kwa wali uliochachuka, kisha wali ukatupwa na samaki akaliwa. Baadaye siki ilichukua nafasi ya uchachu huo. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mnamo karne ya 19 sushi iliuzwa katika vibanda vya barabarani kwa watu wenye haraka. Hanaya Yohei, ambaye hutajwa sana kama mwasisi wa mtindo huo katika miaka ya 1820, aliwauzia watu matonge ya wali yaliyobandikwa kipande cha samaki, nao wakayala kwa mikono. Mnamo 1958, Yoshiaki Shiraishi alifungua karibu na Osaka mkahawa ambamo sahani zilizunguka mbele ya wateja juu ya mkanda, wazo alilolipata kwa kutazama mikanda ya kiwanda cha bia. Wahudumu wakapungua, gharama ikashuka, na mfanyakazi wa kawaida akaweza kuketi.

Mtindo huo wa Edo huitwa nigiri, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kufumbata kwa kiganja. Mswahili anayelisikia hana budi kulikumbuka tonge. Katika hoteli ya Suneka, mlaji humega ugali, akaufumbata, akaubonyeza kwa kidole gumba hadi ufanye kishimo, kisha akautumia kuchota mchuzi na kumnyofoa samaki. Tofauti ni kwamba tonge la Mjapani hufumbatwa na mpishi, na tonge la Mkisii hufumbatwa na mlaji mwenyewe. Kiswahili kina msamiati mpana kuhusu tendo hili: kumega, kufinyanga, kutowea, kitoweo, mkono mtupu. Anayetowelea ugali kwa mchuzi pekee, na anayeubugia mkavu bila kitoweo, ni watu wawili wenye hali mbili tofauti, na lugha imewapa majina tofauti.

Tofauti nyingine ni ya moto. Mjapani humla samaki mbichi kwa kuwa bahari iko karibu, barafu ipo na mpishi amefunzwa. Samaki wa Suneka amesafiri. Kumla mbichi kungekuwa kujitafutia maradhi, hasa kwa kuwa samaki wa maji baridi huweza kubeba minyoo. Kwa hiyo moto ndio mlinzi wake. Lakini meza zote mbili zinasimama juu ya kitu kimoja, yaani imani. Mlaji haoni mahali samaki alikovuliwa, wala hajui alilala wapi usiku. Anamwamini mpishi. Cha kuvunda hakina ubani, na mpishi wa kibandani anajua kwamba samaki mmoja aliyeoza humpotezea wateja wa mwezi mzima.

Imani hiyo iliwahi kutiwa majaribuni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua zaidi ya watu 1,000 nchini Kenya na kuwafurusha mamia ya maelfu. Mwezi wa Januari 2008 barabara nyingi za Nyanza na Bonde la Ufa zilizibwa kwa mawe na magogo. Katika miji iliyo karibu na mipaka ya jamii, mtu aliulizwa jina lake kabla ya kuulizwa anakokwenda. Samaki hana kabila, lakini anayembeba analo. Lori lisipopita, karai hukauka. Mapatano ya kisiasa yalitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari mwaka huo. Huko vijijini amani ilirudi kwa alama ndogo ndogo: soko kufunguliwa, matatu ya kwanza kupita, mchuuzi kushusha kikapu mlangoni mwa mteja wake wa zamani na kuuliza habari za watoto.

Ni katika hoteli ya namna hii ambamo, mwezi wa Agosti 2019, waliketi mzee mmoja mchongaji kutoka upande wa Tabaka na binti yake. Binti alikuwa amehitimu shahada ya ualimu, Kiswahili likiwa somo lake la kwanza. Tume ya Huduma za Walimu ilikuwa haijamwajiri. Alifundisha katika shule moja ya sekondari kwa mshahara mdogo unaolipwa na halmashauri ya shule, tena kwa kuchelewa. Siku hiyo alikuwa amelipwa. Alimwalika babake, ambaye kwa miaka mingi alipita Suneka akielekea Kisii kuuza vinyago vyake, akanywa chai ya rangi na mandazi moja, kisha akaenda zake. Kilichobaki mfukoni kilikuwa karo. Mikono yake ilikuwa imechonga mamia ya samaki wa mawe, wenye magamba na mapezi yaliyong'arishwa kwa msasa, lakini samaki wa mezani alimwona kuwa anasa.

"Tata, chagua unayemtaka," binti alisema.

Mzee aliwatazama ngege kwa jicho la fundi, akamsogelea mmoja kana kwamba atamgeuza aone alivyochongwa. Kisha akarudi nyuma. "Omena wananitosha," alisema. "Hawana mifupa ya kunisumbua."

Binti hakubishana naye. Alimwonyesha mpishi ngege mkubwa wa pili kutoka mwisho na kuomba aletwe katika sinia moja kwa watu wawili. Mama mpishi, aliyemzoea binti huyu kwa chai ya saa nne, aliitika kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Sawa, mwalimu! Karibu mzee, keti hapa pasipo na moshi."

Mzee aliketi. Ugali wa wimbi ulifika, mweusi na wenye mvuke. Akamega tonge, akaliviringisha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Yule mama amekuita mwalimu," alisema kwa Ekegusii.

"Ndivyo wanavyoniita hapa, Tata."

"Na serikali bado haijakuita."

"Bado."

Mzee alinyofoa mnofu wa shavuni, ambao walaji wa samaki wanaujua utamu wake, akauweka upande wa binti. "Basi aliyeanza kukuita ndiye nitakayekula kwake," alisema, na kwa mara ya kwanza akachovya tonge lake katika mchuzi.

Walikula polepole. Walipokaribia kumaliza upande mmoja, binti alimwomba mpishi kwa Kiswahili, "Utufungie na mmoja mkavu wa Baba." Dereva kijana wa Migori, aliyekuwa akila mezani nao, aliinua uso akacheka: "Mwalimu, si Baba ndiye huyu anakula?" Hoteli nzima ikaangua kicheko. Ikabidi kijana aelezwe kwamba katika Ekegusii, baba ni mama mzazi, na anayeitwa baba katika Kiswahili ni tata. Kijana alitikisa kichwa, akasema kwamba kumbe Wakisii wamewapindua wazazi wao. Mzee alicheka hadi akapaliwa, akaletewa maji.

Ulipofika wakati wa kulipa, mzee alitoa kitambaa kilichofungwa fundo na kuanza kulifungua. Binti alikuwa amekwisha kutuma malipo kwa simu chini ya meza, na ujumbe ulikuwa umelia katika aproni ya mpishi. Mzee alilitazama fundo lake lililofunguliwa nusu. Hakukasirika. Alihesabu noti kadha, akamkabidhi mpishi na kusema kwamba samaki wa mama watoto atamlipia yeye mwenyewe, kwa maana huyo ni mke wake wala si wa mwalimu.

Kisa hiki ni kidogo, na huenda kinatokea katika miji mingi kila mwisho wa mwezi. Hata hivyo, hakingetokea kama samaki huyo angegharimu maradufu, au kama lori lingezuiliwa njiani, au kama mama mpishi angeamua kwamba wateja wa chai ya rangi hawastahili kukaribishwa kwa sauti. Heshima ya mzee na ya binti yake ilipata mahali pa kuketi kwa sababu mlo ulikuwa ndani ya uwezo wao. Ndiyo maana maswali ya bei ya samaki, ya uvuvi unaozingatia kesho, ya vidimbwi vilivyoota nyasi na ya amani ya barabarani ni maswali ya utu pia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hata moyo huhitaji sinia la kutolea.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, meza hii ina kazi ya ziada. Majina ya samaki, ya mapishi, ya vyombo na ya namna za kula yanabadilika upesi, na mengi hayamo katika kamusi. Mgongo wazi ni istilahi iliyozaliwa na sera ya uchumi. Ngege ni jina lililomzidi umri aliyekuwa mwenye jina. Utafiti wa msamiati kama huo hauhitaji nauli ya ng'ambo. Unahitaji daftari, subira na pesa za samaki mmoja, kisha mtafiti aketi pasipo na moshi na kusikiliza watu wanaitana vipi.